Sehemu ya Shahidi

Shamim mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda Walukuba kumuaga shangazi yako, na najua hutarudi kabla ya magharibi, maana yule hamwachi mtu aondoke bila kula. Baba yako yuko uani anahangaika na zipu ya begi lako. Ameshaipaka sabuni, ameipaka nta ya mshumaa, sasa namsikia anaisomea Bismillahi. Kwa hiyo nimepata nafasi ya kukaa peke yangu kwenye meza ya chakula. Usiushangae mwandiko. Ulikuwa mbaya tangu zamani.

Kesho saa mbili asubuhi unapanda basi la Mbale kwenda kuanza mwaka wako wa intanshipu. Sitakuandikia habari za chandarua wala za kuchemsha maji. Umekaa hosteli miaka mitano na hukufa. Nakuandikia kwa sababu ya ile fomu uliyoniwekea hapa Jumapili, na kwa sababu naogopa. Nimeogopa mengi maishani, lakini hili limeniondolea hata ladha ya chai.

Fomu yenyewe ni ya Baraza linalotupa madaktari leseni. Ukurasa wa mwisho una sehemu ya shahidi. Daktari aliyesajiliwa anathibitisha kwamba anamfahamu mwombaji, na kwamba kwa alivyomwona yeye mwenyewe, mwombaji hana ugonjwa wala uraibu unaoweza kuwadhuru wagonjwa. Uliweka kidole pale ukaniambia, "Saini hapa, Mama. Ni saini tu." Halafu ukaenda kuoga.

Ni saini tu. Kaa kitako basi nikusimulie.

Ulikuwa na miaka kumi na nne tulipokudanganya kwamba nimekwenda Kampala kusoma. Baadaye ulijua kwamba nilikuwa natibiwa, na kwamba nilikuwa mtumwa wa pethidini, dawa ileile ya maumivu niliyokuwa nawadunga wagonjwa. Hiyo ni nusu ya habari, na ndiyo nusu inayonipa sura nzuri: daktari aliugua, akatibiwa, akarudi kazini. Nusu ya pili nimeikalia miaka kumi na moja.

Ilianza na mgongo. Nilifanyiwa upasuaji, nikadungwa pethidini, maumivu yakaisha. Lakini kuna kitu kingine kiliisha pamoja nayo. Nimekulia kambini, unajua, na babu yako alikuwa afande kazini na afande nyumbani. Kiswahili nilikijua kwa kuamrishwa, na ni baba yako wa Mombasa aliyekuja kunionyesha kwamba kwa lugha hii hii mtu anaweza pia kubembelezwa. Tangu nikiwa mdogo nilikuwa nasikiliza viatu mlangoni. Hata nilipokuwa daktari, mama wa watoto, mwenye nyumba yangu, tumbo langu bado lilikuwa linasikiliza viatu. Siku ile nilipodungwa, tumbo likanyamaza. Nikajiambia, kumbe wenzangu ndivyo wanavyoishi.

Kazi yangu ilikuwa kuwalaza wagonjwa usingizi kwenye chumba cha upasuaji. Utaona mwenyewe huko uendako: kichupa cha pethidini mara nyingi ni kikubwa kuliko mahitaji ya mgonjwa. Kinachobaki lazima kimwagwe, na mtu wa pili ashuhudie kikimwagwa, kisha asaini kwenye daftari la dawa za hatari. Ndiyo kanuni. Ila sisi tulikuwa na desturi yetu. Mimi nilikuwa nasema, "Nimemwaga, Sista," naye Sista Nambozo anasaini bila kugeuza shingo. Siku za operesheni nyingi alikuwa anasaini ukurasa mzima asubuhi, mistari yote, kabla mgonjwa wa kwanza hajaingia, ili daktari asicheleweshwe. Hakuna aliyeona kosa. Kumwangalia daktari akimwaga dawa kungekuwa kumwambia usoni kwamba humwamini, na Sista Nambozo, Mgisu wa Mbale mwenye adabu zake, asingeweza kunifanyia hivyo. Mimi nilikuwa nampenda kwa ajili hiyo. Halafu nikaanza kumtumia kwa ajili hiyo hiyo.

Mwanzo nilichukua mabaki tu. Nilijiambia ni uchafu unaokwenda kwenye sinki. Baada ya miezi michache mabaki hayakunitosha, nikaanza kuandika dozi nzima na kumpa mgonjwa nusu.

Hapa ndipo kalamu inataka kukimbia. Kulikuwa na mwanamke wa Walukuba, mume wake mfanyakazi wa kiwandani. Alijifungua kwa upasuaji, mtoto wa kike. Jioni nikapita wodini nikamkuta ameuma leso yake ili asipige kelele, jasho linamtiririka. Akaniuliza taratibu, kwa heshima anayopewa daktari, "Musawo, ile sindano mulinipiga ni ya nini? Mbona naumwa hivi?" Nikamwambia kila mtu anaumwa, avumilie. Nusu yake ilikuwa ndani yangu, Shamim. Nilikuwa nimesimama pale nimetulia, sauti laini, kwa dawa yake.

Sijui jina la mtoto yule. Leo atakuwa msichana mkubwa. Nikipita Walukuba nawaangalia wasichana wa umri huo, kisha naangalia chini.

Aliyegundua ni mfamasia. Aliona daftari linasema dozi kamili na wagonjwa wanasema maumivu. Akafuata saini, na saini zilikuwa za nani? Aliitwa Sista Nambozo. Akaulizwa kama alishuhudia. Angeweza kusema, "Daktari ndiye aliyeniambia." Hakusema. Alisema yeye alisaini na ndio basi. Akasimamishwa kazi siku ileile.

Mimi nilinyamaza siku tisa. Nilikwenda kazini, nikala chakula cha mchana na wenzangu, nikasikia wakisema, "Kumbe Nambozo mwizi," na nikatikisa kichwa kwa masikitiko. Umesoma hapo? Nilitikisa kichwa. Katika mambo yote niliyofanya, hilo ndilo linaloniamsha usiku.

Siku ya kumi baba yako alikuwa anatafuta uzi ashone kifungo. Akafungua droo ya cherehani yangu, akavikuta vichupa na sindano. Nilisimama mlangoni nikisubiri anipige, maana kwetu ndivyo mambo yalivyokuwa. Alifunga droo polepole, akasema, "Zaina, vaa viatu." Akanipeleka kwa mganga mkuu, nikasema yote. Sikujisalimisha mwenyewe. Watu wakinisifu kwa ujasiri nataka kuwaambia kwamba nilisukumwa na mtu aliyekuwa anatafuta uzi.

Baada ya matibabu niliitwa mbele ya kamati ya Baraza. Meza ndefu, watu sita, mmoja wao mwalimu wangu wa chuoni. Hakunitazama hata mara moja. Wakasoma makosa yangu kwa Kiingereza safi, moja baada ya jingine, na wala hawakuongeza chumvi. Halafu mama mmoja akaniuliza, "Daktari, sisi tutajuaje kwamba umepona?"

Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima. Nilikuwa na hotuba. Nikafungua mdomo nikasema, "Sijui. Hata mimi sijui." Ndipo mwalimu wangu akainua macho.

Walininyang'anya leseni kwa mwaka mmoja na nusu. Waliponirudishia ilikuja na masharti. Nisishike funguo za kabati la dawa. Nisirudi chumba cha upasuaji. Nitoe mkojo upimwe wakati wowote nitakapopigiwa simu, siku hiyohiyo. Unakumbuka mahafali yako ya sekondari, nilivyoondoka katikati ya sherehe, ukaninunia wiki nzima? Simu ilikuwa imeita. Nilipanda boda na gauni langu la sherehe hadi maabara, nikachuchumaa juu ya kikopo, dada wa maabara amesimama mlango wazi ananiangalia, kwa sababu kanuni inasema aangalie. Yeye alikuwa anaona kweli kabla ya kusaini. Mara ya kwanza nilimchukia. Siku hizi nampelekea maembe.

Sitakupamba. Kila mwaka ninapohuisha leseni kuna swali la kama umewahi kuwa na uraibu, na kila mwaka naweka alama kwenye "Ndiyo" na kuambatanisha makaratasi, kisha wiki tatu tumbo langu linarudi kusikiliza viatu. Mwaka juzi kichupa cha mofini kilikosekana kazini. Hakuna aliyenituhumu. Waliacha tu kuongea nilipoingia. Kichupa kilipatikana nyuma ya friji siku mbili baadaye, mazungumzo yakaendelea pale yalipoishia, na hakuna aliyeniambia pole. Mtu aliyepona mguu anaruhusiwa kusahau kwamba aliwahi kuvunjika. Sisi haturuhusiwi, na wala sijui kama tungepaswa kuruhusiwa. Nabishana na nafsi yangu juu ya hilo mpaka leo. Kuna siku naona Baraza limenionea. Kuna siku namkumbuka yule mama na leso yake, naona wamenihurumia kupita kiasi.

Lakini nilikuwa na mwenzangu tuliyesoma darasa moja, mcheshi, hodari kuliko mimi. Yeye naye alikuwa anajidunga. Nilipotoka matibabu nilimwendea nikamwambia, njoo, kuna mlango. Akanijibu, "Zaina, nimeona walivyokufanya. Mimi nitaacha mwenyewe." Alikutwa kwenye choo cha chumba cha zamu, mlango umefungwa kwa ndani. Leseni yake ilikuwa safi, haina doa hata moja. Tulimzika nayo.

Mwaka jana nilikwenda Mbale. Nilikuambia ni semina. Nilikwenda Nkoma kumtafuta Sista Nambozo, kwa mara ya kwanza tangu yale mambo. Na yeye alikuwa amefikishwa mbele ya wakubwa wa wauguzi, akafungiwa leseni, na muda wake ulipoisha hakurudi tena kazini. Nilimkuta barazani anachambua mchele. Nikapiga magoti mbele yake. Akaniambia, "Amuka, Daktari, majirani wanaangalia." Akaniletea chai. Nikamwuliza mbona hakusema siku ile kwamba mimi ndiye. Akaurudia mchele wake.

"Mimi nilisaini kama niliona," akasema. "Sikuona kitu. Hiyo ilikuwa makosa yangu, si yako. Yako uko nayo mwenyewe."

Kisha akacheka kidogo, akasema siku hizi hata barua ya shule ya mjukuu wake hasaini mpaka aisome mara mbili, na mtoto anachelewa shule.

Sasa tuje kwako.

Miezi saba iliyopita boda ilikuangusha kule Kimaka, ukavunjika mfupa wa bega. Ulipewa tramado, vidonge vya maumivu. Ni sawa, hata mimi ningekupa. Mfupa uliunga, daktari wako akakuachisha dawa, na hiyo ni miezi mitano sasa. Lakini nimekuwa nakuona unavyojikuna pua unapozungumza. Nakuona unavyolala mchana ukiwa umekaa, unavyomfokea baba yako kwa kitu kidogo kisha ukamwomba msamaha kwa sauti laini mno. Ile sauti naijua. Ndiyo niliyomjibia mama wa Walukuba.

Nilijiambia ni uchovu. Nilijiambia mimi mtu niliyeungua naona moto kila mahali. Leo asubuhi nilikuwa nakupangia nguo begini, nikakuta lile kopo la biskuti ulimoweka sindano na nyuzi. Wewe hushoni, Shamim. Tangu lini unashona? Nilifungua. Chini ya nyuzi kulikuwa na vidonge, si vya pakiti uliyopewa hospitali. Cherehani yangu iko palepale sebuleni, na binti yangu ameficha dawa kwenye nyuzi.

Sikuvichukua. Viko pale pale. Ningevitupa ungenunua vingine, na ungejifunza kuficha vizuri zaidi.

Sina hasira. Nilitafuta hasira, ingenisaidia, sikuipata. Nilikaa kitandani kwako, nikashika lile koti lako jeupe lililokunjwa, nikaogopa mpaka nikasikia baridi. Naogopa mambo mawili, na kila moja linanivuta upande wake.

La kwanza ni Baraza. Mimi walininyang'anya leseni kisha wakanirudishia, maana nilikuwa nayo. Wewe bado hata hujapewa. Sijui watamfanyaje mtu anayebisha hodi akisema ukweli kabla hajaingia. Huenda wakasema, nenda katibiwe, tutakungoja. Huenda wakasema, tuna vijana wengi wasio na tatizo. Nikikuambia kwamba watakuwa na huruma nitakuwa nakudanganya, na katika nyumba hii tumeshadanganyana vya kutosha. Miaka mitano ya masomo. Baba yako alivyolia ulipofaulu. Ukipoteza hayo yote kwa sababu mama yako hakutaka kusaini karatasi, utanichukia, na sitakuwa na la kujitetea.

La pili ni Mbale yenyewe. Zamu ya usiku, wodi imejaa, intani mmoja. Muuguzi aliyechoka anakukabidhi funguo za kabati kwa sababu wewe ni daktari na anakuheshimu. Anasaini bila kugeuza shingo. Na kitandani kuna mtu ameuma leso.

Nimeyapima haya mawili tangu asubuhi. La kwanza linaniumiza. La pili silimudu.

Kwa hiyo sikusaini. Fomu iko mezani chini ya bakuli la sukari, umejaza kila mahali kwa mwandiko wako mzuri, na mahali pa saini ya shahidi pako wazi. Nimeandika jina langu tu, na namba yangu ya usajili. Chini ya hapo hamna kitu. Maneno yaliyochapishwa yanasema "kwa alivyomwona yeye mwenyewe". Mimi nimekuona, mwanangu. Siwezi kusaini kama sijaona, na siwezi kumwita mtu mwingine aje asaini badala yangu, akawa Nambozo wa pili.

Nikitakacho ni hiki. Kesho nitaswali alfajiri, kisha nitakuwa jikoni. Njoo na lile kopo. Mimina kila kitu mezani, mbele yangu, nami nitaangalia. Halafu nitaandika nilichokiona: kwamba mwombaji ni mgonjwa, kwamba amejileta mwenyewe, kwamba mimi nilisubiri kufumaniwa na yeye hakusubiri. Nitasaini hapo kwa mkono wangu wote. Basi la Mbale litaondoka bila wewe, na sisi tutapanda la Kampala, tukae viti vya pamoja. Wakikuuliza watajuaje kwamba umepona, sema hujui. Hilo ndilo nililojibu mimi, na lilipokelewa.

Usipokuja sitapiga kelele. Nitakubebea begi mpaka stendi, nitakufungia ile zipu aliyohangaika nayo baba yako, nitakupungia mkono. Nafasi yangu itabaki wazi, utakwenda ukatafute daktari mwingine asiyekufahamu. Watakuwepo. Adabu zetu hazijaisha.

Nilitaka kuiacha barua hii chini ya mto wako. Nimebadilisha mawazo. Nitaikunja vizuri niiweke ndani ya lile kopo, juu ya vidonge, chini ya nyuzi, na kopo nalirudisha begini kama nilivyolikuta. Kabla ya alfajiri nitalifungua mimi mwenyewe. Nikiikuta barua haijaguswa, nitajua kwamba usiku wa mwisho nyumbani ulilala bila kuvihitaji, na nitakuja kukuamsha tuzungumze taratibu, mimi na wewe, kama watu wenye muda.

Kwa hiyo naomba, kuliko nilivyoomba kitu chochote tangu nikuzae, kwamba huisomi.

Kama unaisoma, mlango wa jikoni uko wazi. Usingoje alfajiri.

Mama yako,
Zaina